Nguzo Inayosamehe

Mwaka 1896 Posta ya Marekani ilianza kupeleka barua mashambani, kwanza huko West Virginia. Wakulima walitundika ndoo na makopo kando ya njia, hata mwaka 1915 Roy Joroleman alipobuni sanduku la bati. Baadaye wengine, wakichoka kugongewa masanduku, walisimika nguzo za zege. Nazo zikawa mitego ya mauti. Leo Posta hiyo hushauri nguzo ya mbao ya inchi 4 kwa 4, isiyozidi inchi 24 ardhini, ili ianguke ikigongwa.

Kijana asiye mzoefu akipotoka barabarani, na alipe sanduku, asilipe uhai. Haki hudai fidia. Huruma humwacha mkosaji hai ili ailipe. Je, mioyoni mwetu tumesimika mbao au zege?