Mazoezi ya Frenkel: kutoka kaswende hadi MS

Mazoezi ya kufundisha viungo upya, ambayo wataalamu wa fiziotherapia huwapa watu wenye maltipo sklerosisi (MS), hayakubuniwa kwa ajili yao. Yalianzia Heiden, mji mdogo wa Uswisi, ambako daktari Heinrich Frenkel aliwatibu watu ambao kaswende ya muda mrefu ilikuwa imewaharibu uti wa mgongo. Nguvu walikuwa nazo. Walichopoteza ni taarifa kutoka miguuni: wakifumba macho hawakujua mguu uko wapi, na wakitembea waliurusha ovyo.

Mwaka 1887 Frenkel alimtaka mgonjwa mmoja aguse ncha ya pua yake kwa kidole. Alishindwa. Miezi kadhaa baadaye alirudi, akapimwa tena, na kidole kikatua palepale. Daktari alidhani ugonjwa umepungua. Kumbe mgonjwa hakupenda kuanguka mtihani, akawa anajifua nyumbani. Ugonjwa ulikuwa haujaondoka. Kilichoongezeka ni ustadi.

Kutokana na kisa hicho Frenkel alitunga mfumo mzima. Mgonjwa hulala chali, kichwa kimeinuliwa ili aione miguu yake, kisha huburuta kisigino juu ya kitanda huku akihesabu, hukisimamisha anapoamriwa na kuendelea tena. Zoezi likishakaa, hufanya mengine ameketi, halafu amesimama, na mwishowe hutembea akikanyaga alama za nyayo zilizochorwa sakafuni. Macho hushika kazi ya hisia zilizopotea. Jambo la kushangaza ni kwamba mwendo wa haraka ndio rahisi kwa mgonjwa wa namna hii. Wa polepole huhitaji udhibiti mkubwa zaidi, hivyo huja baadaye. Frenkel alianza kuchapisha matokeo yake mwaka 1890, na mbinu ikafika hospitali ya Salpêtrière, Paris, palepale ambapo Jean-Martin Charcot alikuwa ameieleza MS kwa kina mwaka 1868.

Hata hivyo, kwa wenye MS upepo ulivuma kwingine. Mwaka huohuo wa 1890, daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa MS walififia macho kwa muda baada ya kujichosha. Baadaye ilibainika kwamba chanzo ni joto: neva iliyopoteza mayelini, utando wake wa mafuta, hupitisha ishara kwa shida mwili unapopata joto, na dalili hutulia ukipoa. Lakini tahadhari ilikwisha kuota mizizi, na kwa miongo mingi wagonjwa waliambiwa wapumzike, ushauri uliowadhoofisha misuli bila sababu ya kutosha.

Penisilini ilipoifanya kaswende itibike mapema, wagonjwa wa asili wa Frenkel wakawa adimu. Mazoezi yake yakahamia kwa wengine wasioweza kuratibu viungo, wakiwemo wa MS. Nguo hiyo ya kuazima haimkai kila mtu. Aliyepoteza hisia za miguu hunufaika kwa kutazama. Aliyeathirika serebelamu, sehemu ya ubongo inayopanga mwendo, hawezi kuokolewa na macho peke yake.

Woga wa mazoezi ulitikiswa mwaka 1996, Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walipowagawa kwa kura wagonjwa 54. Waliofanya mazoezi ya mikono na miguu kwa wiki 15, mara 3 kwa wiki, dakika 40 kila mara, waliongeza stamina na nguvu. Mwaka 2011 utafiti wa Valentina Tomassini na wenzake ulilenga kujifunza kwenyewe: wagonjwa walifuatisha alama inayosogea kwenye skrini kwa kubana kifaa mkononi. Waliboreka kwa kurudiarudia, hata wale ambao ugonjwa ulikuwa umewalemea zaidi. Siku hizi mazoezi hugawanywa vipande vifupi, chumba huwa na ubaridi, na mapumziko hupangwa kabla uchovu haujaingia.