Unequal Childhoods
Unequal Childhoods ni kitabu cha mwanasosholojia wa Marekani Annette Lareau, kilichotolewa mwaka 2003, kuhusu namna tabaka la kijamii linavyounda malezi. Utafiti wake ulihusisha familia 88, Weupe na Weusi. Familia 12 kati ya hizo zilifuatiliwa kwa karibu hadi majumbani.

Wazazi wa tabaka la kati walijaza ratiba za watoto kwa michezo na masomo ya ziada, wakawazoesha kujadiliana na watu wazima, hata kumuuliza daktari maswali. Watoto wa tabaka la wafanyakazi na wa maskini walicheza kwa uhuru zaidi, wakiwa karibu na ndugu na binamu. Uzito wa kitabu uko hapa: shule ilithamini mtindo wa kwanza tu.

Toleo la 2011 liliwarudia watoto hao ukubwani. Pengo kati ya matabaka lilikuwa bado lipo.