Motokaa Iliyovunjika na Ahadi ya Bima

Bima ni ahadi inayonunuliwa kabla ya haja yake. Mtu hutoa fedha leo ili kesho, akifikwa na msiba, asibaki mikono mitupu. Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni, walakini deni hili lina tabia ya pekee, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani mpaka siku ya hasara. Mwaka 1883, katika kesi iliyohusu bima ya moto, majaji wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza walieleza kanuni ambayo imeongoza biashara hii tangu hapo: mwenye bima alipwe hasara yake kamili, wala asilipwe zaidi ya hasara hiyo. Kanuni hiyo ni nyepesi kutamkwa. Uzito wake huonekana pale kitu kilichoharibika kinapotengenezwa badala ya kulipiwa fedha. Motokaa iliyogongwa ikafungwa bati jipya, je, imerudi kuwa kamili? Na mwenye haki ya kusema kuwa imerudi ni nani?

Kwa muda mrefu swali hili halikuwasumbua wengi, maana njia za kupata vipuri vya bodi zilikuwa mbili tu. Boneti, madigadi na bampa vilinunuliwa kwa kampuni iliyounda motokaa yenyewe, au viling'olewa katika motokaa kuukuu zilizovunjwa. Plagi, betri na vitu vya breki vilikuwa na watengenezaji wengi walioshindana sokoni. Lakini bati la bodi lahitaji kalibu kubwa za chuma na mitambo ya kulikandamiza, na gharama ya vifaa hivyo ilikuwa ukuta uliowazuia wengine kuingia. Ukuta huo ulitobolewa hasa katika miaka ya 1980, viwanda vya Taiwan vilipozidi kupeleka Marekani mabati ya bodi yaliyotengenezwa kwa kupima yale ya asili, pasipo kuwa na michoro ya mwenye motokaa. Vipuri hivyo vya kuiga havikuwa vya udanganyifu, kwa kuwa havikubandikwa alama ya kampuni isiyovitengeneza. Viliuzwa wazi, tena kwa bei iliyo chini.

Kampuni za bima zilivipokea kwa furaha. Mkadiriaji wa hasara alipoandika orodha ya matengenezo, aliweza kuandika kipuri cha kuiga mahali pa kipuri halisi, na akiba iliyopatikana katika boneti moja, ikizidishwa kwa maelfu ya ajali, ikawa mali nyingi. Wenye viwanda vya motokaa walilalamika kuwa wananyang'anywa jasho lao. Mafundi wengi wa kunyoosha bodi nao walilalamika, wakisema kwamba matundu ya skrubu hayakuoana, nafasi kati ya bati na bati hazikulingana, na kutu ilikula mapema. Mwenye motokaa, ambaye ndiye mwenye mali, mara nyingi hakujua kuwa kuna mabishano.

Kila upande ulikuwa na hoja yenye nguvu. Mwaka 1987 iliundwa huko Marekani jumuiya iitwayo CAPA, kazi yake ikiwa kupima vipuri vya kuiga na kuvipa cheti vile vilivyofaulu. Mwaka huo huo taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima iliichukua Ford Escort, ikaivua madigadi ya mbele na mabati ya nje ya milango, kisha ikaipigiza ukutani. Motokaa ikatimiza masharti ya usalama ya serikali hata hivyo. Taasisi ikatoa hoja kwamba mabati hayo ni pambo, na kwamba uhai wa abiria hulindwa na mifupa ya motokaa iliyo ndani. Kwa upande wa pili, Februari 1999 gazeti la Consumer Reports lilichapisha uchunguzi wake na kuonya kwamba vipuri vya bei nafuu vingeweza kumgharimu mwenye motokaa fedha nyingi baadaye. Waswahili wangalisema kwa maneno mawili tu: rahisi ghali.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba kipuri halisi kilikuwa na mikono safi. Ng'ambo ya Atlantiki, wenye viwanda vya Ulaya walikuwa na silaha ya sheria, maana umbo la madigadi liliweza kuandikishwa kuwa mali ya aliyelibuni. Kampuni ya Volvo iliitumia silaha hiyo kumzuia mwagizaji aliyeleta Uingereza madigadi ya kuiga ya motokaa zake za aina ya 200. Oktoba 1988 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kukataa kumpa mwingine ruhusa ya kutengeneza kipuri hicho si ukiukaji wa sheria kwa peke yake. Lakini iliongeza onyo: mwenye haki hiyo angeweza kuhukumiwa endapo angewanyima mafundi huru vipuri bila sababu, au angepanga bei isiyo ya haki, au angeacha kutengeneza kipuri ilhali motokaa nyingi za aina hiyo zingali barabarani. Onyo hilo lilionyesha hatari iliyopo. Mnunuzi asiye na mahali pengine pa kwenda hulipa bei atakayotajiwa.

Mapambano makubwa kuliko yote yalizuka katika jimbo la Illinois, nchini Marekani. Mwaka 1997 kampuni ya State Farm ilishtakiwa katika mahakama ya mji mdogo wa Marion kwa niaba ya watu wapatao milioni 4.7 wa majimbo 48. Mashtaka yalisimama juu ya maneno machache ya hati ya bima. Katika hati zake kampuni iliahidi vipuri vya aina na ubora ule ule, au kuirudisha motokaa katika hali iliyokuwa nayo kabla ya hasara. Washtaki walisema kuwa kipuri cha kuiga hakiwezi kutimiza ahadi hiyo, wala hakuna haja ya kukagua motokaa moja moja. Oktoba 1999 jopo la raia liliwaamini, likaamuru walipwe dola milioni 456. Jaji akaongeza adhabu na fidia nyingine hata jumla ikafika kama dola bilioni 1.18. Kampuni iliacha kuagiza vipuri hivyo vya bodi katika makadirio yake. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilipunguza dola milioni 130, ikathibitisha zilizobaki.

Tarehe 18 Agosti 2005 Mahakama Kuu ya Illinois iliibomoa hukumu yote. Ilisema kwamba hati za bima za majimbo mbalimbali hazikuwa na maneno mamoja, kwa hiyo hazikuweza kuhukumiwa kama ahadi moja. Kwamba sheria ya Illinois ya kuwalinda wanunuzi haikuweza kunyooshwa hadi kwenye biashara zilizofanyika nje ya jimbo hilo. Na kwamba hasara iliyodaiwa haikuthibitishwa ipasavyo. Kwa kweli, miongoni mwa waliotajwa kudhulumiwa walikuwamo watu ambao kipuri cha kuiga kiliandikwa katika makadirio yao tu, bila kufungwa katika motokaa.

Hukumu hiyo haikupokewa kwa utulivu. Kesi ilipokuwa ingali mbele ya mahakama hiyo, Novemba 2004 Lloyd Karmeier alimshinda Gordon Maag katika uchaguzi wa kiti cha ujaji ambao wagombea hao wawili waliukusanyia zaidi ya dola milioni 9. Karmeier alikataa kujitoa katika kesi, akashiriki kutoa hukumu. Mwaka 2012 lilifunguliwa shauri jipya, likidai kwamba kampuni ilisaidia kwa siri kumpatia mteule wake kiti. Kampuni ilikana, na mwaka 2018, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 250 ili shauri liishe. Hivyo ugomvi ulioanza kwa boneti ulimalizikia kwenye heshima ya mahakama.

Miaka hiyo yote haikujibu kama kipuri cha kuiga ni sawa na cha asili, na yamkini haiwezekani kulijibu swali hilo kwa ujumla. Boneti moja ya kuiga hukaa vizuri kama ya asili, na nyingine hukataa kufunga. Jopo la Marion lilitaka kuhukumu mamilioni ya motokaa kwa neno moja. Mahakama Kuu ilikataa, lakini haikumwachia mwenye motokaa moja njia nyepesi ya kudai, maana ni nani atakayekwenda mahakamani kwa sababu ya dola mia tatu?

Kilichodumu ni jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: wajibu wa kumwambia mwenye mali anachofungiwa. Majimbo mengi ya Marekani yalitunga sheria za kuwalazimisha wakadiriaji kukitaja wazi kipuri cha kuiga katika orodha ya matengenezo, na baadhi yake yalidai idhini ya mwenye motokaa. Ulaya nayo ilifika pale pale kwa njia nyingine. Ujerumani ililegeza haki ya umbo la vipuri vya matengenezo mwaka 2020, Ufaransa ikafuata kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 2023, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 likaifanya ruhusa hiyo kuwa ya nchi zote wanachama, kwa sharti kwamba mnunuzi ajulishwe asili ya kipuri.

Ahadi ya kurudisha kitu kamili imeandikwa na mmoja, hutekelezwa na mwingine, na matokeo yake huendeshwa barabarani na wa tatu. Sheria haikuweza kumpa huyo wa tatu bati lisilo na kasoro. Imeweza kumpa jina la bati hilo, ili ahadi aliyoilipia aweze kuipima mwenyewe.