Kuchelewa kwa Mawimbi Angani: Historia ya Sahihisho Moja

Uongozaji wa safari kwa setilaiti hutegemea kipimo cha wakati. Setilaiti hutuma wimbi linalotaja saa ya kuondoka kwake. Kipokezi huhesabu muda uliopita, kisha huugeuza kuwa umbali. Kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sawa na sentimita 30 hivi. Ionosfera, yaani tabaka la angahewa lenye elektroni huru, yaweza kulichelewesha wimbi hata umbali ukazidi kwa makumi ya mita.

Tatizo hili si geni. Sputnik iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliikadiria njia yake kwa kuchunguza mabadiliko ya frikwensi ya mawimbi yake. Mwaka 1958 Frank McClure alionyesha kwamba swali hilo laweza kugeuzwa: njia ya setilaiti ikijulikana, mahali pa msikilizaji patajulikana pia. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit wa jeshi la majini la Marekani, uliotumika hadi mwaka 1996.

Wajenzi wa Transit waliipatia ionosfera dawa yake. Kwa kuwa wimbi la frikwensi ya chini huathiriwa zaidi kuliko la frikwensi ya juu, setilaiti zao zilituma mawimbi mawili kwa pamoja, la megahezi 150 na la megahezi 400. Tofauti baina yake ilifichua kosa lenyewe. Ama troposfera, iliyo karibu na ardhi, huyachelewesha mawimbi yote ya redio sawasawa, kiasi cha mita 2 na zaidi kwa setilaiti iliyo utosini. Kosa hilo hukadiriwa kwa shinikizo la hewa, joto na unyevu, kama alivyofanya Helen Hopfield mwaka 1969.

GPS, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, ilirithi mbinu ya frikwensi mbili. Lakini wimbi la pili lilibeba msimbo wa kijeshi pekee, nao ukafungwa kwa siri mwaka 1994. Raia wa kawaida aliachiwa wimbi moja na kanuni ya John Klobuchar, ambayo kwa namba 8 zitumwazo na setilaiti huondoa takriban nusu ya kosa. Wimbi la pili la kiraia lilianza kutumwa mwaka 2005 tu.

Nusu iliyosalia hailingani kila mahali. Elektroni hurundikana katika kanda mbili, kaskazini na kusini mwa ikweta ya sumaku, na ukanda wa kusini hupita juu ya sehemu za Kongo. Baada ya jua kutua, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi, anga hilo huvurugika hata kipokezi kikapoteza wimbi. Kanuni inayochora anga tulivu la wastani haiwezi kulieleza vyema.

Kwa hiyo, historia ya sahihisho hili si ya uvumbuzi peke yake. Dawa ilijulikana mapema. Aliyekawia kuipata ni raia wa kawaida, na hasa yule afanyaye kazi chini ya anga linaloihitaji zaidi.