Pikapu za Kale Bondeni Kilombero

Kabla reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, haijapita Ifakara, na miaka mingi kabla daraja kubwa halijashika nafasi ya kivuko katika Mto Kilombero, gari lililosifika kwa kustahimili tope lilikuwa Land Rover, ambayo tangu ilipotolewa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948 ilivikwa bodi ya alumini, maadam chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo sababu huko Lumemo, Ifakara, kando ya mto ufurikao masika, mtu akifunua pikapu kongwe hukuta bodi ingali nzima ilhali chasisi, iliyo ya chuma, imeliwa na kutu kutoka ndani.

Ustadi wa kuyafufua magari hayo uani ulikomaa katika dhiki: baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, spea zikaadimika nazo, hata fundi akalazimika kukata gasketi kwa karatasi ngumu na kuhamisha springi za gari moja kwenda jingine, na serikali iliporuhusu, mwaka 1984, wananchi waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, tabia ya kuhifadhi kila parafujo ilikwisha kuota mizizi.

Nami naona fahari kubwa, wala sifichi, mume na mke waishikapo kazi hii pamoja nyumbani, kwani gereji aghalabu zilikuwa milki ya wanaume, ilhali kusafisha kabureta na kusaga vali hudai subira kuliko misuli; na chasisi haina budi kupata mikono minne, mmoja akishikilia bamba jipya mahali pake, mwenziwe akichomelea.