Baiskeli ya Baba, Deki ya Mama: Historia ya Madoa ya Grisi Kwenye Nyumba za Moro

Mji kasoro bahari una stori nyingi za baiskeli. Kuna ya mzee aliyekanyaga Phoenix kila asubuhi kwenda kiwandani, kuna ya mjomba aliyeshuka mlimani na mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria, na kuna ya kaka aliyekatikiwa breki kwenye mteremko akaishia mtaroni. Stori zote hizo zina mtu mmoja juu ya kiti. Aliyebaki nyumbani amepiga magoti, anasugua sakafu na maji meusi kwenye ndoo, huyo hatajwi kabisa. Leo ni zamu yake.

KWA NINI CHOMBO KILILALA NDANI

Baiskeli zilianza kuonekana nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa wamisionari na maofisa wa Kijerumani. Reli kutoka Dar ilifika Morogoro mwaka 1907, na baada ya vita ya kwanza ya dunia, enzi za Mwingereza, baiskeli zikaanza kuingia madukani mpaka huku bara. Raleigh ya Nottingham ndo ilikuwa jina kubwa, BSA na Phillips nazo zikiwepo. Baadaye zikaja Hero kutoka India na Phoenix kutoka China.

Usizichukulie kama baiskeli za leo za kumnunulia mtoto bethidei. Kwa kibarua wa shamba la mkonge, hiyo ilikuwa pesa ya kujinyima miezi na miezi. Baiskeli ilikatiwa leseni na kuwekewa kibati cha namba, kama gari. Ukiibiwa, umeibiwa gari lako.

Ongeza hali ya hewa. Milima ya Uluguru, hasa upande wa mashariki unaotazama bahari, inapokea mvua karibu mwaka mzima. Chuma ukikiacha nje huko, kutu haikawii. Kwa hiyo iwe Mkuyuni, Matombo au Mji Mpya, jibu lilikuwa moja: chombo kinalala ndani. Kama nyumba ni ya Kiswahili, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, kinaegeshwa koridoni au chumbani karibu na kitanda. Na kinapolala ndipo kinapotengenezwa.

JUMAPILI YA SPANA

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Baiskeli inapinduliwa, kiti na usukani chini, magurudumu juu. Cheni inavuliwa na kulowekwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Gololi za ekseli zinatolewa moja moja, zinafutwa, zinapakwa grisi, zinarudishwa, na moja lazima itakimbilia chini ya kitanda. Kama kuna pancha, tyubu inajazwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni la maji ili mapovu yaonyeshe tundu. Beseni hilo ni lile lile la kuoshea mchicha.

Mwenye baiskeli akimaliza, anazungusha pedali, gurudumu linalia tiii bila kukwaruza, anatabasamu, anaenda kuoga. Nyuma yake anaacha mchanganyiko: grisi iliyokwisha kazi, udongo mwekundu wa mlimani uliokauka na kubanduka kwenye madigadi, unga wa mpira uliosuguliwa na msasa ili kiraka kishike, na matone ya solusheni yaliyoganda sakafuni kama gundi. Grisi ya cheni ni nyeusi kwa sababu imebeba vumbi na chembechembe za chuma zilizosagika. Ndo maana ukiifuta na kitambaa kikavu inajitandaza tu, doa la sarafu linakuwa doa la sahani.

SAKAFU MBILI, ADHABU MBILI

Nyumba nyingi za zamani mlimani zilikuwa na sakafu ya udongo. Watu hudhani hiyo ndo rahisi, eti uchafu juu ya udongo hauonekani. Thubutu. Oili ikidondoka kwenye udongo inazama, na pale ilipozama panabaki peusi, panateleza, pananuka. Huwezi kupafua. Mama alichukua jembe au panga, akakwangua kile kipande chote, akakitupa, akaleta udongo mpya, akaukanda na maji, akasiliba upya na kusubiri pakauke. Maji hayo hayakutoka bombani. Yalitoka mtoni, kichwani.

Mjini kulikuwa na sakafu ya simenti, na ile ya heshima zaidi ilikuwa nyekundu, inayopigwa polishi ya nta mpaka inang'aa. Hapo noma ilikuwa nyingine. Mafuta ya taa yanayeyusha grisi vizuri, lakini yanayeyusha na nta. Ukisugua doa jeusi linaondoka, halafu linabaki duara lililofifia ambalo mgeni analiona kabla hajakaa. Dawa yake ni kupiga polishi chumba kizima upya, kwa magoti. Kazi ya dakika kumi ya spana inazaa kazi ya nusu siku.

JIVU LILIJUA KUCHAGUA

Dawa ya kwanza ya nyumba nyingi ilikuwa jivu la jikoni. Jivu lina magadi, na magadi yakikutana na mafuta ya nazi, mawese au mafuta ya mnyama yanayageuza kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Ndo maana sufuria yenye mafuta inatakata kwa jivu.

Ila grisi ya dukani na oili ya injini zinatoka kwenye petroli ya ardhini, na mafuta ya aina hiyo hayageuki sabuni hata uyasugue na magadi ya Afrika nzima. Jivu hapo linafanya mambo mawili tu: linanyonya ute na linakwangua. Wanawake waliosugua sakafu hizo waliujua mpaka huo bila kusoma kemia. Walianza kumwaga jivu, mchanga mkavu au pumba juu ya doa, wakaacha vinyonye, wakafagia. Kilichobaki wakakilainisha na mafuta ya taa kidogo au hata mafuta ya kupikia, maana mafuta huyeyusha mafuta. Sabuni ilikuja mwisho, kuondoa yale mafuta ya pili. Sabuni ndo ilikuwa bei ghali, kwa hiyo iligusa mahali padogo kabisa.

SABUNI ILIPOPOTEA

Halafu ikaja miaka ambayo hata hapo padogo palikosa sabuni.

Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 iliiacha nchi hoi. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukaendelea kukaza muda mrefu kuliko hiyo 18. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa vikawa bidhaa za foleni kwenye maduka ya RTC na ya ushirika. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Mkoa wa Morogoro unaikumbuka enzi hiyo kwa uchungu wake pia: Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, 12 Aprili 1984.

Sasa pigia picha baiskeli katikati ya hali hiyo. Serikali ilikuwa na kiwanda chake Dar es Salaam, NABICO, kilichotoa baiskeli za Swala, na Morogoro yenyewe ilikuwa imejengewa viwanda vya viatu, turubai na nguo. Wafanyakazi walihitaji kufika kazini. Vipuri ni shida, kwa hiyo kilichochakaa kinarudishwa tena na tena, nyumbani. Grisi safi ni shida, kwa hiyo watu walipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Oili hiyo ni nyeusi tangu mwanzo, imejaa masizi ya injini.

Yaani uchafu uliongezeka wakati ule ule sabuni ilipopungua. Hapo ndo majani ya mpapai yalipopata umaarufu: yanapondwa kwenye maji, yanatoa povu kidogo, nguo inafuliwa. Kwa jasho na vumbi yalisaidia. Kwa oili chafu hayakufua dafu. Basi mche mmoja wa sabuni uliopatikana kwa foleni ya asubuhi nzima ukawa na wagombea watatu: shati la shule la mtoto, shati la kazini la baba lenye alama ya cheni kwenye pindo, na doa la sakafuni. Aliyeamua nani anaanza alikuwa mama, na mara nyingi sakafu ilishika mkia. Ukiona nyumba ya zamani yenye weusi usiotoka pembeni ya mlango, huo ni uamuzi wa mtu. Mtoto alienda shule msafi.

DENI AMBALO HALIKUANDIKWA

Kwa Waluguru ukoo unafuatwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imepita huko vizazi na vizazi. Baiskeli haikuwa ardhi. Ilinunuliwa kwa pesa taslimu, na mwenye pesa taslimu mara nyingi alikuwa mwanaume. Wavulana walishikishwa spana wakiwa wadogo, wasichana wakapewa tambara. Ikawa kuna nyumba ambako msichana alijua rangi ya kila oili bila kuruhusiwa hata siku moja kukanyaga pedali.

Lakini tusiwafanye hao wanawake kuwa watu wa kuonewa huruma tu. Walipiga hesabu. Mkungu wa ndizi usiposhuka kwa baiskeli unashuka kichwani, na kichwa chenyewe ni cha nani? Kutoka Kinole au Mkuyuni mpaka sokoni mjini si mchezo. Baiskeli ikiwa nzima, safari ya mguu inapungua, mboga zinafika hazijanyauka, pesa inarudi mapema. Aliyesugua sakafu alikuwa analipia usafiri wa familia, kwa magoti yake badala ya nauli. Ila risiti hakuipata. Baiskeli ilipouzwa, pesa iliitwa ya baba.

GETO LA LEO

Siku hizi kijana anapanga chumba Kihonda au Mafiga, vigae vyeupe, na baiskeli ya mtumba bado inalala ndani kwa sababu ile ile ya wezi. Tofauti ni kwamba yuko peke yake, na mwenye nyumba ana macho. Maarifa ya bibi bado yanafanya kazi: tandika boksi kabla ya kupindua baiskeli, mwaga mchanga au unga mbovu kwenye oili kabla hujagusa maji, lainisha weusi na mafuta ya kupikia, halafu sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani kwenye mistari ya vigae. Ukitumia mafuta ya taa, fungua dirisha na weka jiko mbali.

Na oili iliyobaki usiimwage mtaroni. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndo maji ya Dar. Doa la geto lako linaweza kusafiri mbali kuliko baiskeli yako.

Ukishamaliza, angalia magoti yako. Yakiuma, utakuwa umeelewa sehemu ya historia ya Moro ambayo haikuwekwa kwenye picha.

Haya mdau, kwenu baiskeli ililala wapi, na deki ilikuwa ya nani? Komenti ziko wazi.