Kutoka Baraza hadi Geti: Dar es Salaam Ilivyojifunza Kukaa Mbali

Wakazi wengi wa Dar tuna ndoto moja: kiwanja, ukuta, geti. Kikiwa Chanika au Madale haidhuru, ilimradi ni chako. Nimekuwa nikiandika habari za ardhi za jiji hili, na kila nikichimba historia yake naona kwamba ndoto hii ina mahali ilikotoka.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa mwaka 1891, wakaanza kupanga nyumba ya aina gani ijengwe wapi. Waingereza wakaendeleza: mji ukagawanywa kanda tatu. Kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, yaani Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi waliopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Baadaye ikapangwa Oysterbay ya Wazungu, yenye viwanja vikubwa, bustani na upepo wa bahari. Nafasi ikawa alama ya cheo.

Kariakoo ilikuwa na mpangilio wake. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na baraza mbele. Sokoni, msikitini, kwenye ngoma, kote watu walienda kwa miguu. Chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954 ukingoni mwa mitaa hiyo, kwenye barabara tunayoiita leo Lumumba, na sidhani ilikuwa bahati tu. Habari iliyopita barazani asubuhi, jioni mji mzima unayo. Na ule uwazi wa kuwatenga watu? Ukageuka uwanja wa mikutano ya kudai uhuru.

Siipambi Kariakoo ya zamani. Watu walibanana, na serikali ya kikoloni haikujali sana maji wala mifereji yao. Lakini kubanana ni jambo moja, kuwa karibu ni jingine. Kubanana kulitokana na umaskini. Ukaribu ulikuwa mali.

Baada ya Uhuru tulipaswa kuondoa kubanana na kubaki na ukaribu. Tukaenda kuitamani Oysterbay. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika 300,000. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi walijipimia wenyewe maeneo ya pembezoni, maana viwanja vilivyopimwa havikutosha. Mwaka 2002 serikali ilipoanzisha mradi wa viwanja 20,000, navyo vilikuwa pembezoni: Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni. Kazi, hospitali kubwa na soko la jumla vikabaki palepale mjini. Bei ya umbali huo inalipwa na dada anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, na ardhi yake rahisi inageuka ghali nauli baada ya nauli.

Kariakoo yenyewe imepanda ghorofa, lakini nyingi ni za maduka na stoo. Wenye nyumba wengi waliuza wakahamia nje. Na jengo lililoporomoka Novemba 2024 likaua watu linatukumbusha kwamba kurundika ghorofa bila usimamizi si kujenga mtaa.

Mfano unaonipa moyo ni Magomeni Kota. Nyumba za zamani zilibomolewa, yakajengwa maghorofa, na mwaka 2022 familia 644 zilizokuwa zikiishi pale zikapewa makazi kwenye ardhi ileile, jirani na barabara ya mwendokasi. Zilisubiri miaka mingi, na kwa uchungu. Ila zilirudi Magomeni, hazikupelekwa Chanika.

Ndiyo maana nasema mjadala wa ghorofa dhidi ya kiwanja umekaa vibaya. Tuulize kwanza: mtu wa kipato cha chini akijenga au akipanga leo, atafika kazini, shuleni na zahanati kwa miguu? Wakoloni walijibu swali hilo kwa ramani ya kutenga. Sisi tunaiongezea kilomita.